Bi Kwaru na Uzi wa Tisa

Hebu mfikirie mwanamke anayeingia getini mwa hospitali saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Jumatatu. Hatembei wala hakimbii. Ni ule mwendo wa katikati, wa mtu ambaye miguu imemtangulia na yeye anaifukuzia. Kitambaa cha kichwani kimehamia sikio moja. Aproni hajaivua, ina madoa ya mafuta mapya juu ya ya zamani. Ananuka moshi wa mkaa, moshi uliokaa mwilini miaka mingi hadi sabuni ikakata tamaa. Na kifuani amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti, kirefu kama mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidoleni.

Mlinzi akanyoosha mkono kumzuia. "Mama, pole pole. Saa za kuona wagonjwa bado. Njoo saa sita."

"Sikuja kuona mgonjwa, mwanangu. Nataka daktari."

"Unaumwa nini?"

"Mimi siumwi."

"Sasa daktari wa nini?"

"Nimemletea brashi."

Mlinzi akamwangalia kuanzia kitambaa hadi viatu. Akaliangalia gazeti. "Mama yangu, wafagizi wa humu wana vifaa vyao."

Siku nyingine mwanamke huyu angecheka, tena angemrudishia mlinzi jibu la kwenda kusimulia nyumbani kwake. Leo alilikaza gazeti kifuani. "Nisikilize," akasema. "Humo ndani kuna mtu anatibiwa ugonjwa ambao hana. Ugonjwa alionao uko kwenye hili gazeti."

Mlinzi hakuelewa hata kidogo. Lakini naye alikuwa na mama, na sauti ile aliijua. Akasogea.

Sasa wakati anahangaika kutafuta mlango sahihi, nikueleze ni nani. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho, na pengine hapo tu. Mtaani kwake, ule mtaa wa gereji, maduka ya vipuri na mafundi wa kuchomelea, kila mtu anamwita Bi Kwaru. Kazi yake ni kuchoma nyama. Kibanda chake ni nguzo nne na mabati, mabenchi mawili marefu, na jiko ambalo marehemu mumewe alilitengeneza kwa mikono yake kutokana na pipa la mafuta: alilipasua kwa urefu, akalilaza kama hori la ng'ombe, akalitia miguu, na juu yake akaweka wavu wa nondo nyembamba. Mume alikwenda zake miaka sita iliyopita. Pipa lilibaki, na Bi Kwaru akabaki nalo.

Na hilo jina je? Kila mara kabla ya kuweka nyama mpya motoni, yeye huchukua brashi ya waya na kuusugua wavu ukiwa bado wa moto. Kwaru, kwaru, kwaru, kwenda na kurudi, masizi na mafuta yaliyoganda yakidondokea kwenye mkaa na kutoa cheche. Akimaliza huigonga brashi kwenye ukingo wa pipa ili iteme uchafu. Ko! Ko! Ko! Mara tatu, kwa nguvu zote. Mlio ule huvuka barabara. Mafundi walio chini ya magari huusikia, wakatoka wakijiburuta kwa migongo. "Kengele hiyo!" Ndiyo saa ya kula.

Alikuwa mwanamke msafi, na usafi wake ndio uliokuwa tangazo lake. Mteja hata kabla hajaiona nyama ameshausikia usafi. Jioni brashi aliiloweka kwenye ndoo ya maji ya moto yenye magadi, ikalala humo hadi asubuhi. Miaka miwili, brashi ile ile. Mbao yake ilikuwa imefura na kupauka, lakini nyuzi za waya zilikuwa zikimeta, na kwake yeye brashi inayometa ni brashi nzima. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mbao ikifura na kukauka, ikafura tena na kukauka tena, matundu yanayoshika waya hulegea kama fizi za mzee. Halafu uje uigonge kwenye chuma mara tatu kila ukitaka kuchoma!

Mteja wake wa kwanza kila siku alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi cherehani mwenye chumba ng'ambo ya barabara. Mtu mwembamba, maneno mengi. Utani wao ulikuwa sehemu ya mlo; wapo wateja waliochagua benchi la karibu ili wasipitwe.

"Shemeji, umekuja tena kunimalizia nyama?"

"Nimekuja kukagua pipa la kaka yangu. Nasikia kuna mtu amelihamia."

"Pipa lina mwenyewe. Kakague suruali za watu ulizozikata fupi."

"Huo ndio mtindo wa sasa."

"Mtindo wa kuvuka mafuriko!"

Ndivyo ilivyokuwa hata Alhamisi iliyopita. Bi Kwaru alimwekea nusu kuku kwenye sahani, shemeji akala huku anasimulia habari za bwana harusi aliyenenepa ndani ya wiki mbili. Katikati ya hadithi akanyamaza. Akashika koo.

"Kuna kitu kimenichoma."

"Mfupa huo. Si unakula huku unahutubia?"

"Si mfupa. Mfupa hukwama. Hiki kinachoma, kama sindano."

"Basi ni zile pini zako!" fundi mmoja akapiga kelele, na benchi zima likacheka, maana kila mtu anajua shemeji akiwa kazini hushika pini kwa midomo.

Bi Kwaru akafanya alichofanyiwa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Akamega mkate, akaubonyeza kiganjani hadi ukawa donge. "Meza bila kutafuna." Shemeji akameza. Akapewa donge la pili na maji juu yake. Machozi yakamtoka, shingo ikajikaza, kisha akatulia na kuinua kidole gumba.

"Kimeshuka."

Watu wakapiga makofi. Bi Kwaru akafuta mikono kwenye aproni na kuendelea na kazi. Na kweli kilikuwa kimeshuka. Kilishuka na kuanza safari yake.

Ijumaa shemeji aliacha nusu ya chakula kwenye sahani. Bi Kwaru akamchokoza mara mbili, akajibiwa kwa tabasamu la upande. Jumamosi hakutokea kabisa. Binti yake, msusi, ndiye aliyempeleka hospitali akiwa amejikunja kwenye kiti cha gari. Wakamwuliza binti baba yake anafanya kazi gani. Akasema fundi cherehani, tena ana tabia ya kushika pini mdomoni. Basi wakampiga picha ya eksirei kutafuta pini. Hawakuona pini. Na mtu anayeruka chakula cha asubuhi na kushinda na chai kavu, tumbo likimwaka, watu wanajua pa kuanzia: vidonda vya tumbo. Akapewa dawa, akarudi nyumbani.

Jumapili Bi Kwaru alimpelekea uji. Akamkuta amelala ubavu, magoti kifuani, uso wa rangi ya majivu.

"Shemeji, amka basi nikutukane."

"Nitukane hivi hivi. Sikio liko juu."

Bi Kwaru alijaribu kukaa. Akakaa kwenye kiti, akasimama, akafunga dirisha, akalifungua. Akakunja shuka ambalo lilikuwa limekunjwa. Kuna kitu kilikuwa kikimkwaruza mawazoni na hakupata pa kukishikia. Vidonda vya tumbo? Mtu aliyekuwa anakula pilipili mbichi kama karanga? Mkewe alikuwa amesafiri kumwuguza mama yake, kwa hiyo nyumbani alikuwa binti peke yake, naye alishachoka.

"Mama mkubwa, kaa chini basi," binti akasema. "Unanitia wasiwasi zaidi."

"Nimekaa."

"Umesimama, mama."

Jumatatu, kumekucha tu, simu ikalia. Baba ana homa. Tumbo limekuwa gumu kama ubao. Wamemlaza.

Bi Kwaru akapanga akamwone saa sita, saa za wageni. Kwa kuwa hakuweza kubaki nyumbani akiitazama saa, akaenda kibandani afanye kazi ya asubuhi. Akawasha mkaa. Akasugua. Akagonga. Akaweka vipande vya kwanza, vikaiva, akachukua kimoja na kukikata kwenye ubao aone kama moto umefika ndani.

Kitu kikameta.

Akadhani ni mafuta. Akakigusa kwa ukucha, kikawa kigumu. Akakichomoa: uzi wa waya, mwembamba kama unywele, urefu wa ukucha wa kidole gumba, ncha moja imepinda kidogo. Akausugua kati ya vidole viwili, ukamchoma. Tone dogo la damu likachomoza.

Akaitazama nyama. Akaitazama brashi. Akaigeuza, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akaiangalia kama kitu, si kama mkono wake mwenyewe. Pembeni, karibu na mpini, tundu moja lilikuwa tupu, jeusi, kama mahali lilipong'olewa jino.

Kinachoma, kama sindano.

Alimwaga ndoo nzima ya maji kwenye mkaa. Moshi mweupe ukapanda hadi kwenye mabati na kumeza kibanda. Kutoka gereji ya jirani fundi mmoja akapaza sauti: "Bi Kwaru, kulikoni? Kengele tumeisikia!"

"Hakuna chakula!"

"Hakuna vipi, na nyama naiona?"

"Hakuna, nimesema! Na mtu asiguse!" Akaitia nyama yote kwenye mfuko wa takataka, akaufunga fundo mbili. Uzi ule akaukunja kwenye karatasi na kuutia mfukoni mwa aproni. Brashi akaiviringisha kwenye gazeti. Ndipo miguu ikamtangulia.

Humo hospitalini, mapokezi walimwomba namba ya foleni. Hakuwa nayo. Akapewa: arobaini na tatu. Anayehudumiwa alikuwa wa kumi na tisa. Akakaa kwa muda wa mtu kupiga chafya, akasimama, akashika njia ya wodi. Nesi akamrudisha. Akazunguka upande wa pili, akajikuta kwenye chumba cha kufulia, akaomba radhi, akatoka. Kwenye kona akagongana na binti.

"Mama mkubwa! Mbona uko na aproni?"

Bi Kwaru akamweleza kwa maneno machache, maana mengi hayakuwepo. Binti akasikiliza huku mkono uko mdomoni. Alipoushusha alisema neno moja tu.

"Mkate."

"Ndiyo, mwanangu. Mkate."

Binti akamshika kiwiko, wakaenda pamoja hadi mlango wa wodi, wakasimama katikati ya njia. Daktari alipotoka, mwanamke kijana mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, hakuwa na pa kupita.

"Daktari," Bi Kwaru akasema, "yule fundi cherehani hana vidonda vya tumbo. Amemeza waya."

"Mama, tulimpiga picha Jumamosi."

"Mlikuwa mnatafuta nini?"

"Pini."

"Pini ni nene. Tazama hii."

Akaifungua karatasi ndogo. Daktari alikuwa tayari ameshaanza kuondoka, mguu mmoja mbele, alipouona uzi akaurudisha. Akaichukua karatasi hadi dirishani, akauweka uzi juu ya ukucha wake. Akaugeuza huku na huku hadi Bi Kwaru akatamani kumtikisa.

"Umeutoa wapi?"

"Kwenye nyama niliyochoma leo. Umetoka kwenye hii brashi yangu. Yeye alikula kwangu Alhamisi. Akasema kuna kitu kinamchoma, na mimi..." Akanyoosha kiganja. "Mimi nikampa mkate amezee. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

Daktari hakumlaumu. Hakumfariji pia, hakuwa na nafasi. Alishageuka anamwita nesi kwa mkono. "Mpelekeni kwenye mashine ya CT, sasa hivi. Waambieni natafuta uzi wa chuma, mwembamba sana, kwenye utumbo. Nyinyi mama, kaeni hapa. Na hiyo brashi niachieni."

Mashine ile, binti alielezwa baadaye, hupiga tumbo picha vipande vipande kama mtu anavyokata mkate, na uzi unaojificha nyuma ya mfupa kwenye picha ya kawaida, humo hauna pa kujificha. Haikupita saa nzima, daktari akarudi. "Tumeuona. Umetoboa utumbo, ndiyo maana ana homa. Anaingia chumba cha upasuaji." Akamtazama Bi Kwaru. "Mngesubiri saa za wageni..." Akaliacha hapo hapo.

Kama umewahi kusubiri nje ya mlango wa namna ile, unajua jinsi saa inavyogeuka mnyama. Bi Kwaru alikaa, akasimama. Alikwenda kunawa mikono mara tano. Alisoma bango la kunyonyesha watoto hadi akalijua kwa moyo. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi lile lile akamwambia kwa upole, "Dada, ukikaa, na mimi nitapumzika." Akakaa. Goti likaendelea peke yake, juu chini, juu chini. Aliwaza: nikimpoteza, nitamwambia nini mume wa yule mama aliyesafiri? Kisha akajisahihisha: si mume, ni mke, mke wa shemeji. Hata maneno yalikuwa hayakai mahali pake.

Daktari alipotoka tena alikuwa ameshusha barakoa, na hilo peke yake lilikuwa habari.

"Yuko hai. Tumeutoa, tumeshona palipotoboka. Siku chache za kumwangalia, lakini nadhani atakuja kukusumbua tena."

Binti akalia. Bi Kwaru akacheka, kicheko cha ajabu chenye maji ndani yake, na akashika ukuta. Alidhani sasa moyo utashuka mahali pake. Lakini daktari alikuwa bado amesimama, na mkononi alikuwa na ile brashi.

"Mama, nimeiangalia. Tundu lililo tupu ni moja. Nimehesabu ya jirani yake yote, kila moja lina nyuzi tisa. Mmoja uliniletea. Mmoja tumeutoa kwake."

"Saba," Bi Kwaru akasema.

"Saba. Huenda nyingi zimeanguka motoni. Hata aliyemeza, mara nyingi uzi hupita na kutoka bila yeye kujua. Asiye na dalili asijitie hofu. Lakini anayesikia kitu kinachoma kooni, au tumbo linauma na homa juu yake, aje mapema, na alitaje neno waya. Wasipoambiwa watatafuta kitu kingine, kama sisi. Na mkate, basi tena."

Kesho yake shemeji alikuwa amefumbua macho, mipira puani na mkononi, sauti ya kunong'ona.

"Nasikia ulikuja na brashi hospitalini."

"Nilikuja kukupiga nayo."

"Usinichekeshe, nimeshonwa. Na mshono wenyewe, shemeji, umeuona? Yule daktari mtu mzuri, lakini kwangu asingepata kazi hata ya kupinda pindo."

Walicheka kidogo kidogo, kwa woga. Kisha shemeji akawa na uso wa kazi. "Sikia. Waambie mtaani nimemeza pini yangu mwenyewe. Nani atabisha? Wote wanajua tabia yangu. Kibanda ni cha kaka, na wewe huna kingine. Ukisema waya, nani atakaa tena kwenye lile benchi?"

Bi Kwaru akanyoosha shuka lake, upande huu, upande ule. Ilikuwa zawadi kubwa na alijua ukubwa wake. Angeweza kuipokea, na mtu pekee mwenye haki ya kumlaumu ndiye aliyekuwa anamwambia aipokee.

"Na nyuzi saba?" akauliza.

Shemeji akaitazama mipira mkononi mwake, kisha akaitikia kwa kichwa.

Mchana ule ule Bi Kwaru alisimama kibandani, jiko limezimwa, akagonga pipa kwa kijiko. Mafundi wakatoka chini ya magari, wakanawa, wakaja wakakuta hakuna moshi. Akawaambia yote bila kuzunguka: brashi, tundu, kuku, mkate, upasuaji, maneno ya daktari. Wakasema wote kwa mpigo.

"Kwa hiyo tumekula misumari?"

"Mimi tangu Ijumaa tumbo linanguruma!"

"Wewe tumbo lako linanguruma tangu uzaliwe."

Mwenye duka la vipuri hakucheka. Alikuwa mteja wa tangu enzi za marehemu. "Miaka yote tumekuamini wewe, Bi Kwaru," akasema taratibu, akageuka, na wawili watatu wakamfuata. Hilo lilimwingia kuliko kelele zote.

Waliobaki walibaki. Fundi wa kuchomelea akaleta sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, akaifunga kitambaa. Wakachukua majivu yote, ya kwenye pipa na yale ya tangu Alhamisi aliyokuwa akiyamwaga nyuma ya kibanda, wakayatandaza kwenye bati, na Bi Kwaru akapitisha sumaku polepole, mstari kwa mstari. Vumbi la chuma likashika. Kisha uzi. Akauweka kwenye sahani nyeupe. Uzi wa pili. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti. Wa tatu. Wa nne ulikuwa umekwama kwenye kona ya wavu. Wa tano. Wa sita ukatoka chini ya benchi, kwenye vumbi la miguu.

Sita. Na ule wa kwenye nyama, na ule wa shemeji. Nane.

Wakapitisha sumaku tena, kila mahali, hadi kwenye nyama ya mfuko wa takataka na mtaro wa maji machafu. Hakuna. Wakapitisha mara ya tatu. Fundi wa kuchomelea akafuta jasho. "Utakuwa umeyeyuka, Bi Kwaru. Au upepo."

"Waya hauyeyuki kwa mkaa wangu. Na upepo haubebi chuma."

Akaanza kupita gereji moja hadi nyingine. "Tangu Alhamisi umekula kwangu? Koo je? Tumbo je?" Hata kwa mwenye duka la vipuri aliingia, akauliza akiwa amesimama mlangoni, na yule mtu akajibu bila kuinua macho kwamba hajambo. Wote walikuwa hawajambo. Angepaswa kufurahi. Lakini njiani akitoka duka la mwisho, akasimama ghafla katikati ya barabara, pikipiki ikampigia honi. Alikuwa amekumbuka kwamba kuku yule wa Alhamisi alikuwa na nusu mbili.

Nusu nyingine aliifunga kwenye karatasi. Alikuja mwanamke asiye wa mtaa ule, begi la bluu begani, akauliza mabasi ya mbali yanapopatikana. Akasema, "Nifungie vizuri, mama, safari ndefu, na nyumbani kuna mzee ananisubiri." Bi Kwaru akamfungia vizuri sana, akamwongeza na limau. Hakumwuliza anakwenda wapi. Nani humwuliza mteja anakwenda wapi?

Alikwenda kituo cha mabasi hivyo hivyo alivyo. Dirisha la tiketi la kwanza, la pili, la tatu. "Mwanamke, begi la bluu, Alhamisi mchana."

"Mama," mkatisha tiketi akamjibu, si kwa ubaya, "Alhamisi mchana yaliondoka magari kumi na moja. Begi la bluu niliona hamsini."

Akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: ULIYENUNUA KUKU MTAA WA GEREJI ALHAMISI, PIGA NAMBA HII. UKISIKIA KITU KINACHOMA, MWAMBIE DAKTARI NI WAYA. Akabandika nakala kwenye kila dirisha waliomruhusu. Madereva wawili walikubali kubeba nakala hadi mwisho wa safari zao. Mmoja alicheka kwanza, kisha akaisoma tena na kuikunja vizuri.

Hii ni wiki ya tatu sasa. Shemeji anatembea, amepungua, ameshaanza kulalamika kwamba chakula cha binti yake hakina chumvi. Jiko limewashwa tena. Benchi moja linajaa, la pili bado. Wavu unasuguliwa kwa kitambaa kinene kilicholoweshwa, halafu Bi Kwaru huinama na kuukagua nondo kwa nondo, uso karibu uungue, na wenye njaa humvumilia. Simu huiweka kwenye mfuko wa aproni. Ikilia huiacha nyama motoni. Imeshalia mara nyingi: watu waliokosea namba, mtani aliyetaka kuagiza kuku asiye na waya, mama mmoja wa mbali aliyeisoma karatasi kituoni na kutaka tu kujua kama mwenyewe amepatikana.

Daktari anasema uzi wa tisa yamkini uko kwenye mchanga wa barabarani, umekanyagwa. Shemeji anasema alale. Wote wanasema kwa upendo, na huenda ni kweli. Lakini mahali fulani, huenda pia kuna mwanamke au mzee wake anayejikunja kitandani, akiambiwa ni vidonda vya tumbo, na hajui neno moja linaloweza kumfungulia mlango. Jina lake hulijui, aliteremka wapi hujui, na umebaki na begi la bluu tu. Ungekuwa wewe, ungemtafutia wapi?